Zebra, bengalizi na jawa katika tundu moja: nani akae na nani?

Dada mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, ameniandikia kuhusu ndege wake. Ana tundu la urefu wa mita moja, upana nusu mita na kimo nusu mita, analiweka roshani ya ghorofa ya pili. Ndani mna chiriku, yaani ndege wadogo wala mbegu: zebra wawili, dume na jike, na bengalizi wawili, na ametia viota viwili. Siku hizi bengalizi mmoja ana upara kisogoni, na mwenzake hashuki kula mpaka zebra waondoke kwenye chakula. Wakati huohuo muuzaji anampa jawa wawili, chiriku wakubwa zaidi, kwa bei nafuu, kijana wa mtaani amemletea videge vya majanini alivyovitega mwenyewe, na watoto wanataka kasuku mdogo wa rangi. Auliza nani aweza kukaa na nani, na kama tundu lake litawatosha wote.

Dada yangu, waalaikumu salaam. Nitakupa jibu lenyewe kwanza, sababu zifuate. Tundu hilo lawatosha hao wanne ulio nao, kwa sharti utoe viota vyote viwili leo. Jawa wasiingie. Kasuku asiingie, hata akiwa mdogo na mpole vipi. Videge vya majanini virudishwe vilikotoka. Najua watoto watanuna, lakini nitakueleza mbele jinsi ya kuwapa kitu cha kutazama kisichogharimu roho ya ndege.

Tuanze na huo upara, maana ndio uliokufanya uandike. Ndege hawezi kufikisha mdomo kisogoni mwake. Kwa hiyo manyoya yakitoka kichwani na shingoni kwa nyuma, ama anayanyonyoa mwingine, ama ana wadudu, ama anabadilisha manyoya. Anayebadilisha manyoya utamjua kwa vijiti vidogo vya manyoya mapya vinavyochomoza mahali pengi, si doa moja tu. Kuhusu wadudu, funika tundu usiku kwa shuka jeupe, kisha alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri, likunjue ulitazame upande wa ndani. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa na hutoka usiku kunyonya damu. Ukiwapo utaona vitone vyekundu vinavyotembea. Usipoona kitu, na ngozi ya ule upara ni safi na laini bila magamba, basi bengalizi wako ananyonyolewa, na kwa maelezo yako mimi sina shaka anayemnyonyoa ni zebra.

Zebra si ndege mbaya. Asili yake ni nyika kavu za Australia, ambako mvua haina ratiba, na maumbile yamemfundisha kuzaa mara tu maji na mbegu vinapopatikana, kabla ukame haujarudi. Sasa umlete Tudor, umpe uwele kila asubuhi na maji yasiyokauka, umtilie na kiota. Kwake yeye huo ni msimu wa neema usiokwisha. Jike hutaga mayai 4 hadi 6, wanaatamia kwa zamu siku 12 hadi 14, na makinda yakiwa na wiki tatu hivi tayari yametoka kiotani, na wazazi wanaanza kutengeneza kingine. Kiota cha zebra hupambwa ndani kwa kitu laini, na manyoya ndiyo anayoyapenda kuliko vyote. Asipoyakuta chini ya tundu, huyang'oa kwa jirani. Hata makinda yake mwenyewe huyang'oa akitaka kuanza uzao mwingine.

Jirani mwenyewe ni bengalizi, ndege mpole kupita kiasi. Huyu hayupo porini popote duniani. Ametokana na ndege mdogo wa Asia aliyefugwa Japani vizazi na vizazi, zaidi ya miaka 200, mpaka akapoteza ukali wote. Ukimnyonyoa, anasogea kidogo, kisha anarudi kukaa pale pale. Lakini naye ana tabia inayochokoza bila yeye kujua: bengalizi hupenda kulala wote pamoja ndani ya kiota kimoja, na hawajali kiota ni cha nani. Giza likiingia wanajipenyeza kwa zebra wanaoatamia, wanalala juu ya mayai ya wenyewe. Zebra hulipuka. Ukitazama kwa makini utaona ugomvi wako mwingi hutokea magharibi, wakati wa kutafuta pa kulala, na asubuhi kwenye chakula.

Ndiyo maana swali la nani anapatana na nani mimi hulianza kwa swali jingine: ndani ya tundu hilo wanagombea nini? Chiriku hawachukiani kwa aina. Wanagombea kiota, kijiti cha juu, sahani ya chakula, na mwenzi. Ukiondoa kinachogombewa, au ukikitia kwa wingi, aina nyingi hukaa pamoja vizuri. Ukikiacha kimoja, hata ndege wawili wa aina moja watatoana damu. Zebra jozi mbili katika tundu kama lako ni shida kubwa kuliko zebra jozi moja na bengalizi jozi moja, kwa kuwa wale wanafanana kwa kila kitu na wanataka vitu vilevile.

Kwa hiyo toa viota. Usiogope kwamba watakosa pa kulala. Watalala kwenye vijiti, na joto letu halihitaji kiota. Kama kuna mayai ya siku chache, yatoe pamoja na viota. Kama kuna makinda, subiri yatoke na yaanze kula yenyewe, na kwa muda huo watenge bengalizi katika tundu jingine. Kisha badilisha vijiti. Watu wengi huweka kimoja juu kabisa na vingine chini, na hapo wamejenga kiti cha enzi kimoja cha kugombewa. Weka viwili vya juu, kila kimoja mwisho mmoja wa tundu, kwa kimo kilekile, na katikati pabaki wazi ili waruke. Chiriku huruka kwa kwenda mbele, hapandi wima. Urefu wa tundu ndio mali, kimo ni pambo. Matawi ya mpera au mwarobaini, yaliyooshwa na kukaushwa juani, ni bora kuliko vijiti vya plastiki, kwa sababu unene wake unabadilika na miguu haichoki mahali pamoja.

Chakula nacho kiwe sahani mbili na maji sehemu mbili, kila upande. Hili peke yake litamponya yule bengalizi asiyeshuka kula. Ndege wa ukubwa huu, wa gramu 12 hivi, hana akiba mwilini. Akizuiwa chakula siku nzima anaweza kufa, na wewe utasema ameugua ghafla. Mshike kwa upole umpapase kifuani. Mfupa wa kidari ukiwa umechomoza kama makali ya kisu, huyo amekuwa na njaa kwa siku nyingi, na inafaa akae peke yake na mwenziwe mpaka anenepe.

Sasa jawa. Nakubali ni ndege wa kupendeza: kichwa cheusi, shavu jeupe, mdomo mnene mwekundu kama waridi, mwili wa kijivu uliolala vizuri utadhani ameoshwa. Kwao ni visiwa vya Java na Bali, na kwa jinsi alivyotegwa miaka mingi, porini kwao amekuwa adimu, hata biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Wazee wa Unguja na Pemba wanamjua, kwa sababu aliletwa visiwani zamani na akazoea huko. Lakini utazame mdomo huo. Umeumbwa kupasua mpunga. Jawa ana uzito kama mara mbili ya zebra, na akichukia hapigi kelele kama zebra. Anashika mguu au bawa na kubana. Nimeona matundu makubwa ya kuingia mtu ambamo jawa waliishi na wadogo bila taabu, kwa kuwa mdogo alikuwa na pa kukimbilia. Katika mita moja hapana pa kukimbilia. Ukimtaka sana, mnunulie tundu lake, jozi pekee, na umwulize muuzaji wamezaliwa wapi. Ndege aliyezaliwa tunduni ana maisha marefu na hofu ndogo.

Kasuku sitamzungumzia sana. Mdomo uliopinda wa kasuku, hata wa yule mdogo wa Australia anayeuzwa kila mahali, unaweza kukata mguu wa chiriku kwa mara moja. Huenda wakakaa miezi sita kwa amani, na siku moja ukaamka ukakuta damu. Hata wale wa kijani wenye shingo za manjano ni hivyohivyo, tena wao ndio wakali zaidi.

Kuhusu videge vya majanini, vile vya kahawia vyenye kichwa cheusi na tumbo jeupe vinavyoruka makundi kwenye nyasi zilizotoa mbegu, naomba unisikilize vizuri. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kukamata wala kuweka wanyama wa porini bila kibali, na ndege wa porini wamo. Anayesimamia hayo ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukiacha sheria, ndege aliyetegwa juzi hajui waya ni nini. Hujigonga usiku, hukataa chakula, na mara nyingi hubeba vijidudu vya tumboni ambavyo porini havimsumbui lakini tunduni, akinya juu ya chakula cha wengine, huwaangusha wote. Tena ni jamaa wa karibu wa bengalizi, wanaweza hata kuzaa chotara. Kama bado wana nguvu, mwambie kijana awarudishe palepale alipowatega, asubuhi, si jioni. Na umwambie kwa upole kwamba usingewanunua hata kwa shilingi moja, kwa maana bei yako ndiyo itakayomrudisha kutega.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama yule chiriku wa rangi nyingi anafaa kuongezwa. Huyo ni chiriku wa Gould, aliyepewa jina hilo na John Gould mwaka 1844 kwa kumkumbuka mkewe Elizabeth. Ni mpole, si mgomvi, na kwa tabia angekaa vyema na bengalizi. Ila yule mwenye kichwa chekundu humtawala mwenye kichwa cheusi, na zebra wako watamsumbua kwa rabsha zao za kila dakika. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: bengalizi anaweza kubeba kijidudu cha matumbo kiitwacho koklosoma bila kuugua, na kijidudu hichohicho huua makinda ya Gould. Kwa hiyo hapana, si kwa sasa. Ukija kupata tundu la pili, Gould jozi moja peke yao ndio watakaowanyamazisha watoto. Hicho ndicho kitu cha kutazama nilichokuahidi, na hakuna haja ya kuwachanganya na mtu.

Ndege yeyote mpya, akiwa Gould au mwingine, akae chumba kingine siku 30 kabla ya kusogezwa karibu na wenyeji. Utazame kinyesi, utazame kama anapumua mdomo wazi au anatoa mlio mdogo wa kubofya akipumua, dalili ya utitiri wa kwenye njia za hewa. Baada ya hapo weka tundu lake kando ya wenyeji wiki moja waonane. Siku ya kuwachanganya, watoe wote nje, osha tundu, geuza vijiti na sahani mahali papya, kisha watie wote kwa wakati mmoja asubuhi. Hapo hakuna mwenyeji wala mgeni. Shinda nyumbani siku hiyo. Kukimbizana kidogo ni kawaida. Mmoja kukimbizwa na kila mtu mpaka akatulia sakafuni, manyoya yamefura, si kawaida. Mtoe palepale.

Haya yote yatakuwa kazi bure kama roshani yenyewe ina hatari, na roshani za Mombasa zina hatari zake. Ya kwanza ni kunguru. Hawa kunguru wetu wa kijivu shingoni wanajua matundu kuliko sisi. Mmoja humtisha ndege upande huu, akirukia waya wa upande wa pili anamkuta mwenzake anamngoja, na huvuta mguu au kichwa kupitia kwenye nafasi. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.2, na pande zinazotazama nje zitie wavu wa pili ulio mbali na wa kwanza kwa upana wa kiganja. Wavu huohuo utakusaidia kwa paka na panya. Ukinunua wavu mpya wa mabati, uusugue kwa siki na uusuuze, kwa kuwa ile zinki inayong'aa juu yake ni sumu kwa ndege wanaoidonoa.

Ya pili ni moshi. Ndege wana vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na hewa wanayovuta huwapita haraka sana, ndiyo maana moshi unaotukohoza sisi huwaua wao. Ukifukiza udi au ubani siku ya Ijumaa, peleka tundu chumba cha mbali na madirisha wazi kabla hujawasha chetezo, na lisirudi mpaka harufu iishe. Vivyo hivyo dawa ya mbu, ya kuwasha na ya kupuliza, na jiko la makaa. Kikaango kisichoshika chakula kikiachwa motoni mpaka kikaungua hutoa mvuke usioonekana unaoua ndege wa nyumba nzima kwa dakika chache.

Joto la miezi ya kaskazi, hasa Februari na Machi, huwachosha ndege waliobanana. Ukiona mabawa yameachana na mwili na midomo iko wazi, wapatie kivuli na beseni la maji ya kuoga, kina cha vidole viwili tu. Wakati wa kusi, upepo wa moja kwa moja usiku ni mbaya. Funika upande mmoja. Unyevu wetu nao huoza mbegu. Uwele na wimbi nunua kidogo kidogo, pale soko la Kongowea utachagua kwa mkono wako. Nusa kabla ya kulipa, na ukifika nyumbani tia kwenye mkebe unaofunga. Mbegu yenye harufu ya ukungu itupwe, hata ikiwa ni gunia. Mchicha uoshwe sana. Yai la kuchemsha ni zuri mara mbili kwa wiki, lakini saa mbili zikipita litoe, kwa joto hili limeshaharibika. Parachichi usiwape kabisa.

Usisahau kalsiamu, ile chokaa inayojenga mifupa na maganda ya mayai. Zebra jike anayetaga bila kupumzika hukauka kalsiamu, na siku moja yai hukwama: utamkuta sakafuni, amejikunyata, mkia unapanda na kushuka, anasukuma na hakuna kitu. Ukutane na hali hiyo, mtie kwenye kiboksi kidogo chenye joto la kama nyuzi 30, na kitambaa chenye unyevu, na umpigie daktari wa mifugo mara moja. Usimbonyeze tumbo, yai likipasukia ndani amekwisha. Kinga yake ni rahisi kwa mtu wa pwani. Ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, uloweke maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji, uuanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha uufunge kwenye waya. Maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kupondwa pia yafaa.

Baadaye, mambo yakitulia na ukataka makinda, usirudishe viota kwenye tundu la mchanganyiko. Chukua jozi moja, itie katika tundu lake la urefu wa sentimita 75 hivi, mpe kiota, na uwaache wazae mara mbili au tatu kwa mwaka, kisha kiota kitoke jike apumzike. Hakikisha kweli una jozi: zebra dume ana shavu la rangi ya machungwa na mbavu za kahawia zenye vitone vyeupe, lakini bengalizi dume na jike wanafanana kabisa, na anayeimba, akijivuna na kurukaruka, ndiye dume. Sikiliza asubuhi siku kadhaa. Kama wote wawili wanaimba, una madume mawili, na hao wataishi pamoja kwa amani bila kutaga yai hata moja.

Manyoya ya yule wa kisogoni yataanza kurudi baada ya wiki chache, viota vikishatoka. Yasiporudi kwa miezi miwili, au ukiona mtu bado anamfuata kisogoni, mtenge yeye na mwenziwe uniandikie tena, na unieleze nani alikuwa amekaa wapi saa ya magharibi.